Mpimaji wa Wasioridhika

Hakuwa profesa. Alituambia hivyo mara nyingi, kwa Kiswahili safi kuliko changu: "Mimi ni mhadhiri tu. Profesa ni cheo. Msinipe nisichonacho." Tuliitikia, kisha tukaendelea kumwita Profesa, mimi na Mwanaisha, kwa sababu katika nyumba ile ya wahadhiri wanawake kule mtaa wa Al-Malqa, Riyadh, ni yeye peke yake aliyetusalimu kwa lugha yetu, na mtu wa namna hiyo ulimi unakataa kumwita madam. Kila tulipomwita hivyo alikunja uso kidogo, kama mtu aliyeshikwa amevaa nguo ya kuazima. Nilidhani ni unyenyekevu. Ilinichukua muda kujua kwamba ilikuwa aibu.

Alikuwa Mchina. Kiswahili alikisomea chuoni kwao, akakaa Dar es Salaam miaka kadhaa, halafu akageukia saikolojia, elimu ya mambo ya nafsi, na elimu hiyo ndiyo iliyomfikisha kwenye chuo kikuu kimoja mjini Riyadh. Mimi nilikuwa dereva wa chuo. Niliwapeleka wahadhiri wa nyumba ile asubuhi na kuwarudisha alasiri. Mwanaisha, mama wa Likoni mwenye ulimi usiokaa kinywani, alikuwa akiwapikia na kuwafulia. Kwetu Bungoma inajulikana kwamba nafanya kazi chuo kikuu. Si uongo. Gari lilikuwa la chuo.

Kazi yake nitaieleza kama alivyonieleza, kwa kuwa bila kazi hiyo mtu mwenyewe hawezi kueleweka. Alikuwa akipima wanafunzi wa vyuo vya kwao Uchina. Hakupima akili zao wala alama zao, bali ile tabia ya kutaka kila jambo liwe kamili, lisiwe na dosari hata ya kucha. Watu hudhani tabia hiyo ni moja, alisema, kumbe zipo aina. Kifaa chake kilikuwa hojaji, karatasi ya maswali ambayo mwanafunzi husoma sentensi moja moja na kuweka alama, kuanzia "sikubali kabisa" mpaka "nakubali kabisa". Sentensi nyingine zilipima kiwango, yaani mtu anajiwekea lengo la juu kiasi gani. Nyingine zilipima umbali uliopo kati ya alichokitaka na kile anachoona amekifanya.

"Mwenye kiwango cha juu na umbali mfupi anafanya kazi vizuri na usiku analala," aliniambia siku moja tukiwa tumekwama kwenye foleni. "Mwenye kiwango cha juu na umbali mrefu anafanya kazi vizuri vilevile, lakini halali. Alama zao darasani ni sawasawa, Bwana Dereva. Mwalimu hawezi kuwatofautisha kwa macho. Ndiyo maana nataka kipimo."

"Na yule asiyekuwa na kiwango kabisa?"

"Huyo analala kuliko wote," akasema, akacheka akiwa ameziba mdomo kwa kiganja.

Mimi niliishia darasa la nane. Mengine nimejisomea, polepole na kwa mpangilio, maana asiye na mwalimu akiruka ukurasa hakuna wa kumrudisha. Profesa alilijua hilo na hakulifanyia mzaha. Nikimuuliza jambo alijibu kwa ukamilifu, na kama hakulijua alisema, "Nitakuletea jibu," na kesho yake, kabla hajafunga mlango wa gari, jibu lilikuwa limefika. Alinieleza kwamba sentensi nyingi za hojaji zilitungwa mbali na kwao, na kwamba hazikugusa jambo moja ambalo yeye alilijua kwa mwili wake. Akaongeza zake. Moja ilisema hivi: "Nikishindwa, wazazi wangu hawataweza kutoka nje ya nyumba."

Nilimuuliza kama kweli kuna mwanafunzi atakayekubali sentensi kali kama hiyo.

"Kwetu mtu hashindwi peke yake," alisema.

Hata kwetu hashindwi peke yake. Nilipokuwa naondoka kuja huku walikuja watu wa kanisa zima kuniombea, na kila mmoja wao tangu siku ile ana haki ya kuniuliza nimefika wapi.

Kila Ijumaa nilimpeleka sokoni, na njiani aliniomba nisimame mahali penye kivuli awapigie wazazi wake. Kabla ya kupiga alijitazama kwenye kioo, akanyoosha kola. Baba yake, mwalimu wa hesabu aliyestaafu, alikuwa amewatangazia majirani wa jengo lao lote kwamba bintiye anafundisha chuo kikuu Uarabuni. Mkataba wake chuoni ulikuwa karibu kwisha, na ungeendelea tu iwapo ripoti ya kazi ile ingekubaliwa na kamati. Alinieleza hayo kwa utulivu, kama mtu anayesoma ratiba. "Mkataba ukikatika," alisema, "si mimi nitakayerudi nyumbani. Ni uso wa baba yangu."

Basi nilijua tangu mwanzo kilichokuwa hatarini. Sote tulijua.

Katika mambo yake lilikuwepo hili la kuendesha gari. Sheria siku hizi inawaruhusu wanawake, na yeye alitaka leseni. Aliniomba nimfundishe kuegesha, na asubuhi za mapumziko tulikwenda kwenye uwanja mtupu nyuma ya ukumbi wa harusi, mimi nikisimamisha makopo ya rangi awe anaingiza gari katikati. Aliingiza. Akatoka, akashuka, akapima kwa hatua kama magurudumu yako sambamba na mstari, akapanda tena. Baada ya muda alikuwa akiegesha vizuri kunishinda mimi ninayekula kwa usukani.

"Sasa nenda kafanye mtihani," nilimwambia.

"Bado sijawa tayari."

"Profesa, mimi nilipopewa leseni nilikuwa nimegonga ua wa mchungaji."

"Na walikupa?"

"Walinipa. Mchungaji ndiye hakunisamehe."

Alicheka mpaka akashika tumbo, lakini mtihani hakwenda, mwaka ule wala uliofuata. Na mtu huyohuyo, siku nilipokwaruza mlango wa gari kwenye nguzo, alishuka akaenda mwenyewe kwa msimamizi wa magari na kumwambia kwamba ni yeye aliyefungua mlango kwa haraka. Alidanganya vizuri sana, bila kupepesa macho. Niliposhukuru alinikatiza. "Wewe una ikama ya kulinda," alisema, akimaanisha kibali changu cha kuishi nchini. Makosa yetu alikuwa na mahali pa kuyaweka. Yake ndiyo yaliyokosa mahali.

Ndivyo alivyojieleza mwenyewe. "Mimi nadai kwangu mwenyewe tu," alizoea kusema. "Sidai kwa mtu mwingine." Na kwa maneno ilikuwa kweli, sikumsikia akimgombeza mtu. Lakini Mwanaisha akimpigia pasi blauzi, aliipokea kwa mikono miwili, akasema, "Asante sana dada, umeifanya vizuri," akaingia chumbani, na baada ya kitambo mvuke wa pasi ukasikika tena. Kikombe kilichooshwa alikiosha. Nami nikisafisha gari, nilimwona kwenye kioo akitoa kitambaa mkobani na kufuta dirisha nililokwisha kulifuta, taratibu, kwa adabu, akidhani sioni.

"Baba Nekesa," Mwanaisha aliniambia jikoni, akimenya vitunguu kwa hasira, "madam wangu wa kwanza hapa Saudia alinitupia kiatu. Kiatu kikanipita, halas, kesho yake twala sahani moja. Huyu hanitupii kitu. Yuwanishukuru, halafu yuwapiga pasi tena. Wallahi kiatu ni afadhali."

"Hafanyi kwa ubaya."

"Najua hafanyi kwa ubaya! Angefanya kwa ubaya ningemjibu."

Siku nyingine Profesa alitukalisha wote wawili mezani. Alitaka kusikia sentensi zake zinavyotua kwa mtu asiye mwanafunzi, na alikuwa amezitafsiri kwa Kiswahili kwa ajili yetu.

"Sentensi ya kwanza, dada. 'Nikikosea jambo dogo, najiona nimekosea yote.' Unakubali au hukubali?"

"Dogo kama lipi?"

"Lolote."

"Profesa, lolote si jambo. Nikizidisha chumvi kwa wali, hilo ni la kutia maji tu. Nikimkosea mamangu, hilo silali."

"Chagua jibu moja."

"Kwani nikichagua moja, hilo jingine laenda wapi?"

Profesa alitabasamu. "Na wewe, Bwana Dereva?"

"Mimi nakubali kiasi."

"Usimsikize huyo," Mwanaisha akadakia. "Dereva kila kitu chake katikati ya barabara. Mimi niandikie sina jibu."

"Karatasi yenye nafasi tupu siipokei, dada. Naitupa. Mtu akishindwa kumaliza maswali ya nusu saa, huyo ni mvivu, na mvivu anaharibu hesabu."

"Itupe," Mwanaisha akasema. "Bora uitupe kuliko uichukue ukaipige pasi tena."

Profesa alibaki na kalamu hewani, na wekundu ukampanda kutoka shingoni mpaka kwenye masikio. Alikuwa na umri wa kutosha kuwa na mvi, lakini uso ule ulikuwa wa mtoto aliyeitwa mbele ya darasa. Alikusanya karatasi zake, akashukuru, akaondoka. Mwanaisha alibaki akitazama meza. Tangu siku hiyo Profesa alipiga pasi wakati Mwanaisha ameenda dukani, na Mwanaisha alirudi kutoka dukani akipiga hodi kwa sauti kubwa tangu getini, ili asimkute.

Profesa alikuwa na misemo yake. "Samahani si kifutio" ndio alioupenda zaidi. Mwingine ulikuwa, "Hakuna kosa dogo, kuna kosa lililoonekana na ambalo halijaonekana." Aliisema kwa Kiswahili, na kadiri ninavyojua hakuisema kwa lugha nyingine yoyote. Chuoni alifundisha kwa Kiingereza, nyumbani kwao alisema Kichina, na katika lugha zote hizo mbili alikuwa na uso wa kulinda. Kiswahili hakikujulikana na mtu yeyote katika kazi yake. Kilikuwa chumba ambacho aliweza kufunga mlango. Ndiyo maana nimeyajua mambo ambayo dereva hakustahili kuyajua.

Ripoti aliimaliza. Wanafunzi wengi walijibu kwa simu wakiwa kwao Uchina, na wachache waliokuja Riyadh kusoma Kiarabu wakajibu kwa karatasi. Matokeo yalimpendeza kila aliyeyaona. Wasiolala walitokea kuwa wachache kuliko ilivyotarajiwa, na waliobaki walikuwa na viwango vya juu na nafsi tulivu. Mkuu wa idara yake, mama mmoja mpole, alimpongeza hadharani. Kamati ilikuwa imepangwa wiki inayofuata. Mwanaisha alipika pilau bila kuombwa, na Profesa akala akasifu, na safari hii hakwenda jikoni kuipika upya.

Siku mbili tatu baadaye, mwanafunzi mmoja anayesoma Kiarabu, msichana Mchina, alitusimamisha kwenye lango la wanawake. Profesa alimwambia apande tumpeleke bwenini. Waliongea Kichina. Nilimwona msichana kwenye kioo: macho magotini, mikono imeshikana, sauti ndogo isiyopanda wala kushuka. Mwanzoni Profesa alimjibu. Baadaye akaacha kujibu.

Tulimshusha, tukapita mataa kadhaa.

"Amekuja kuomba radhi," Profesa alisema mwishowe. "Alinirudishia karatasi yenye nafasi tupu, na jambo hilo limemkosesha usingizi."

"Alikuwa mvivu?"

"Ni wa kwanza darasani kwake." Alisema kwa sauti ya kawaida kabisa. "Alikaa na ile karatasi wiki nzima. Kila alipoweka alama aliona si ukweli mtimilifu, akafuta. Akaweka nyingine, akafuta. Hakuna jibu lililomtosha. Mwisho akaona heri aache tupu kuliko aandike kisicho sahihi. Umeelewa, Bwana Dereva?"

Nilikuwa nimeanza kuelewa, na sikutaka.

"Wale ambao hawawezi kumaliza kwa sababu hawaridhiki na jibu lolote, hao ndio niliokuwa nawatafuta. Na hao ndio niliowatupa. Hapa, na kule kwenye simu pia, kila aliyeanza asimalize nilimfuta. Nikawaita wavivu." Aliinua mikono, akaitazama. "Nimekamua nazi, nikamwaga tui. Nimepima machicha, Bwana Dereva, nikaandika ripoti kwamba nazi haina mafuta."

Nilimwambia lile ambalo mtu yeyote mwenye ikama angesema: nyamaza kwanza, kamati ipite, mkataba utiwe saini, utasahihisha baadaye. Nani atajua? Msichana mwenyewe hajui alichokisema.

"Samahani si kifutio."

"Basi andika ukurasa mmoja uongeze. Sema kosa lilikuwa hivi, nitalitengeneza hivi."

Baadaye nilijua kwamba mkuu wa idara alimpa shauri hilohilo, tena akamsihi. Kamati ingeipokea ripoti pamoja na ukurasa wa masahihisho. Kazi za watu wengi hupita hivyo. Profesa alikataa. Aliiondoa ripoti yote, hata sehemu zilizokuwa nzima.

Nimelipima jambo hili miaka yote hii na sijapata jibu. Upande mmoja ulikuwa uaminifu ambao sijawahi kuushuhudia kwa mtu mwenye mkataba. Lakini mwenye umbali mfupi, kwa hesabu yake mwenyewe, angeandika ule ukurasa na kulala. Yeye hakuweza kutoa kitu chenye kiraka. Basi huenda haukuwa uaminifu, au haukuwa uaminifu peke yake. Huenda ndio ule ugonjwa alioupima kwa wengine, ukiwa umevaa nguo ya uaminifu iliyopigwa pasi mara mbili.

Siku ya kamati nilimngoja kwenye maegesho. Alitoka akitembea kama kawaida, akaingia, akafunga mkanda.

"Nyumbani?"

"Si nyumbani. Mwanaisha yupo."

"Wapi basi?"

"Popote pasipo na mtu anayenijua."

Nilishika barabara ya mzunguko, jua likiwa kali na magari machache. Tuliuzunguka mji wote kwa utaratibu, kana kwamba tunaukagua. Katika safari ile, lazima niseme, nilihisi kitu ambacho bado kinanichoma: kijifuraha kidogo, cha ukubwa wa punje. Dirisha langu lilikuwa limefutwa nyuma ya mgongo wangu miaka na miaka, na leo la kwake lilikuwa limeonekana lina doa. Kilipita haraka. Lakini kilikuwapo, na alikuwa ameketi palepale nyuma yangu, mtu aliyebeba mkwaruzo wangu kama wake.

"Nimewaaibisha wazazi," alisema tulipofika upande wa kusini, "na hawajui hata nilikuwa napima nini."

Ijumaa iliyofuata aliniomba nisimame kwenye kivuli. Alinyoosha kola, akapiga. Kichina sikijui, lakini neno Riyadh nalijua katika lugha yoyote, na nililisikia, na nilimsikia akilitamka kwa furaha. Hakuwaambia. Nilitazama mbele, nikajifanya nasoma bango.

Mkataba ulikatika. Alipata kazi Jeddah, kufundisha Kichina kwenye kituo kidogo cha lugha. Asubuhi ya kuondoka Mwanaisha alimpigia pasi nguo zote za safari. Profesa alizipanga sandukuni moja moja, zilivyo, na nikaona jinsi vidole vyake vilivyokuwa vikisita juu ya kila mkunjo. Mwanaisha naye aliona. Akamshika mkono, akasema, "Piga tu, Profesa. Pasi ingali moto." Profesa alifunga sanduku, na hakuweza kumtazama mpaka gari likatoka getini.

Mimi nilikaa Riyadh muda, kisha nikabadilisha kafili, yaani mwajiri anayenidhamini, na kuhamia Jeddah mwenyewe, kwa familia moja ya Aziziya. Siku hizi Kichina kinatakiwa, na binti wa bosi aliandikishwa masomo ya Jumamosi huko Al-Baghdadiyah, ghorofani juu ya duka la vitambaa. Nilimpandisha mpaka mlangoni. Aliyefungua mlango alikuwa yeye.

"Bwana Dereva," alisema, kabla mimi sijaamini.

Alikuwa amekonda, na mvi zilikuwa zimeacha kujificha. Mwalimu mwenzake ndiye aliyekuwa na darasa saa ile. Tukashuka kwenye kibanda cha chai ng'ambo ya barabara, tukaketi kwenye viti vya plastiki kati ya vibarua waliokuwa wakipumzika. Aliniuliza habari za Mwanaisha. Nikamwambia amerudi Likoni, anauza viazi karai, na wateja wakilalamika anawaambia wakakaange wenyewe. Alicheka kwa kiganja mdomoni. Nilimuuliza habari za kazi yake.

"Nimeianza upya, na hawa walioacha nafasi tupu. Wengi wamekubali kuongea nami. Ni kazi nzuri."

"Umeipeleka mahali?"

"Bado."

Nikahamia swali jingine, nikidhani ni jepesi, "Na wazazi hawajambo?"

Alikizungusha kikombe. "Hawajambo. Wanajua niko Riyadh."

"Mpaka leo?"

"Nikiwapigia nakaa mbele ya ukuta mweupe. Ukuta mweupe ni uleule kila mji." Halafu, bila kuniangalia, "Baba ni mgonjwa sasa. Nimejaribu kusema. Nikiwa peke yangu simu inaita, wanapokea, na mdomo wangu unasema uongo wenyewe. Je, utakaa hapa kidogo?"

"Nitakaa."

"Kichina hujui, lakini mbele yako nitaona aibu kudanganya."

Alipiga palepale, simu ikiwa imeegemea bakuli la sukari. Hakujitazama popote. Uso wa mzee ulitokea, mwembamba, miwani mikubwa, na nyuma yake sauti ya mwanamke. Profesa aliongea. Nilisikia Riyadh, nikasikia Jeddah, na baada ya Jeddah aliongea kwa kirefu, kichwa kimeinama, kama yule msichana ndani ya gari. Alipomaliza mzee akavua miwani, akaifuta, akasema maneno machache, taratibu. Profesa aliweka kiganja juu ya meza kama mtu anayeizuia isitikisike.

"Anasemaje?" niliuliza nilipoona haendelei.

"Anasema jina langu lilitolewa kwenye ukurasa wa chuo siku nyingi. Alizoea kulitazama kila asubuhi. Lilipotoka alimwambia mama, wakakubaliana wasiniulize." Akakisogeza kikombe kando. "Nisije nikaona aibu."

"Na majirani?"

Alimuuliza. Mzee alijibu, na safari hii hakuitazama kamera.

"Majirani wanajua niko chuoni bado. Yeye ndiye anayewaambia." Akanigeukia. "Mwalimu wa hesabu, Bwana Dereva. Hajawahi kumwongezea mwanafunzi hata nusu alama."

Mama yake alisema kitu kwa nyuma, kwa haraka, kwa amri. Alitaka kuona mahali bintiye alipo. Profesa aliigeuza simu: duka la vitambaa, ngazi ya kituo, vibarua na vikombe vyao, vumbi. Mimi, nikiwa na shati la kazi na kandambili, nilisogeza kiti changu nje ya picha, nisimpunguzie hadhi zaidi.

"Rudi," alisema bila kugeuka. "Kaa hapo hapo ulipokuwa."

Nikarudi. Mzee akauliza juu yangu, na Profesa akajibu neno moja tu, kisha akanifasiria: "Nimemwambia wewe ni mwenzangu wa kazi."

Mzee aliinamisha kichwa kunisalimu, chini sana, kama mtu anayesalimia mkubwa wake. Nami nikainamisha changu. Profesa, kando yangu, alikuwa ameinama tayari. Tukabaki hivyo sote watatu, kila mmoja akingoja mwingine ainue uso kwanza.